Kiswahili Kisiwe Lugha ya Kujibu Tu

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, leo naomba tuzungumzie jambo ambalo baadhi yenu mtaliona geni katika ukumbi huu: programu huria za kompyuta zinazotumika kuchambua takwimu na kuchora data. Nimelileta kwa makusudi. Naamini linatuhusu sisi tunaohesabu mizani kabla halijawahusu wahandisi, na kwamba tukizidi kulitazama kwa mbali, Kiswahili kitabaki lugha ya kujibu maswali, ilhali maswali yanatungwa na majibu yanapimwa kwa lugha nyingine.

Itazameni safari ya sensa. Agosti 2022 karani alibisha hodi katika nyumba zetu akiwa na kishikwambi mkononi, neno ambalo wengi wetu tulilizoea mwaka ule ule. Alituamkia kwa Kiswahili, akauliza kwa Kiswahili, nasi tukajibu kwa Kiswahili: umri, elimu, vyumba, chanzo cha maji. Mwishoni mwa Oktoba tukatangaziwa, kwa Kiswahili vilevile, kwamba tumefika watu 61,741,120. Lugha ilifanya kazi yake mlangoni, ikaifanya tena jukwaani. Lakini baina ya mlango na jukwaa kuna chumba kirefu ambamo majedwali husafishwa, wastani hutafutwa, uhusiano wa jambo na jambo hupimwa na michoro huchorwa. Ndani ya chumba hicho, amri anazoandika mchambuzi na ujumbe anaojibiwa na mashine aghalabu ni wa Kiingereza. Wala si sensa peke yake. Kila mtafiti anayepita Temeke na dodoso lake hulitafsiri kwanza ili aeleweke, kisha huyabeba majibu yetu kwenda mahali ambapo sisi tulioyatoa hatutayasoma tena.

Mimi ni mkazi wa Kurasini, na Kurasini ni mahali pa hesabu. Tangu alfajiri watu wa hapa huhesabu: makontena, tani, lita za mafuta katika matangi, siku ambazo mzigo umelala bandarini, malori yaliyopanga foleni kuelekea Barabara ya Mandela. Kuli anayehesabu magunia kwa sauti ana mahadhi yake, na ukimsikiliza kwa makini utagundua kwamba hapotezi hesabu kwa sababu hapotezi mapigo. Hili mshairi halimshangazi. Neno lenyewe la takwimu tulilipokea kutoka Kiarabu, na katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana ya kalenda, yaani mpangilio wa siku zenye kuhesabika. Mizani nayo ni chombo cha mfanyabiashara kabla ya kuwa istilahi ya mtunzi. Hatukuzikuta hesabu zikiwa mbali na ushairi. Sisi ndio tuliojitenga nazo.

Sasa niseme kidogo kuhusu programu zenyewe, kwa faida ya wasiozijua. Maarufu kati yake ni R. Naam, jina lake ni herufi moja tu. (Ndugu zetu ambao kwao r na l ni pacha wasiotambulikana watanisamehe, mwenye kuipa jina hakuwafikiria.) Ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, kwa mikono ya wanazuoni wawili, Ross Ihaka na Robert Gentleman. Waliiga muundo wa lugha iitwayo S, iliyobuniwa mwaka 1976 katika maabara za Bell nchini Marekani. Mwaka 1995 waliiachia R kwa leseni ya GNU: kila mtu ana ruhusa ya kuitumia, kuifungua aone ilivyoundwa, kuibadilisha na kuigawa, mradi naye asiwafungie wenziwe mlango aliopitia. Toleo la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Nimeitaja Auckland na huyu Ihaka, ambaye ana asili ya Kimaori, kwa kuwa tumezoea kudhani kwamba chombo cha namna hii sharti kizaliwe California. Kilizaliwa kisiwani.

Ipo pia Python, ambayo Guido van Rossum wa Uholanzi aliitoa mwaka 1991, nayo ina jamaa yake kubwa ya nyongeza za takwimu na michoro. Sitaieleza hapa. Ninayoyasema kuhusu R yanaihusu nayo kwa sehemu kubwa.

Niwape mfano uliotokea nyumbani kwangu. Binti wa dada yangu anasoma katika chuo kimoja hapa Temeke. Alipewa kazi ya utafiti, akachagua biashara ya mama lishe wanaowauzia chakula madereva wa malori na makuli wa bandari. Jioni moja alinijia na kompyuta mpakato ya kuazima.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?”

Kumbe wenzake walikuwa wamempa, ndani ya flashi, programu ya takwimu ya kulipia iliyochakachuliwa. Ilimtumikia majuma mawili, kisha ikajifunga na kazi yake ikabaki ndani. Bei ya nakala halali haikuwa ya kutajwa mbele ya mwanafunzi anayekula kwa mkopo. Bahati njema karatasi za dodoso alikuwa nazo. Tukasubiri saa za kifurushi cha usiku, tukaipakua R, ambayo mimi nilikuwa naitumia kuhesabia maneno katika mashairi, tukaanza kuingiza upya.

Hapo ndipo lugha ilipotufundisha somo. Tuseme, kwa namba nyepesi ambazo si zake, kwamba mama lishe watano huuza kwa siku sahani 20, 22, 25, 28 na 155. Huyo wa mwisho yuko langoni kabisa, malori yanaposimama. Ukijumlisha unapata 250. Ukigawa kwa watano unapata 50. Binti alirudi kwa mama zake akawaambia kwamba wastani wao ni kiasi fulani, na mama mmoja mtu mzima, mwenye kuuza pembeni, akamuuliza: “Mwanangu, hizo ni za nani?”

Swali hilo lina uzito kuliko kurasa nyingi za vitabu vya takwimu. Katika mfano wangu hakuna hata mmoja anayeuza sahani 50, wala anayekaribia. Na mama yule hakukosea lugha. Wastani ni neno lenye mzizi wa “kati”. Tunasema mtu wa kimo cha wastani, maisha ya wastani, tukimaanisha yale ya kawaida, yasiyo juu wala chini. Mama aliposikia wastani alielewa kile ambacho neno linasema: mama wa kawaida wa pale. Hesabu ilikuwa imempa kitu kingine, yaani jumla iliyogawanywa, na ikakivika neno lisilokitosha. Kile ambacho neno linaahidi kinapatikana kwa njia nyingine. Wapangeni mama wote kwa safu kuanzia auzaye kidogo, kisha mtazameni aliyesimama katikati. Katika mfano wangu ni yule wa sahani 25. Binti aliporudi mara ya pili alimwita “mama wa katikati”, na hakuna aliyeuliza tena ni nani.

Tangu hapo natafakari istilahi hii. Shule zetu zimekwisha kuliweka “wastani” mahali pa jumla iliyogawanywa na sidhani kwamba tutalihamisha. Lakini “namba ya katikati” ilizaliwa mbele ya sufuria la maharage, ikafanya kazi siku ile ile. Tulikuwa na “ngamizi” kwa ajili ya kompyuta, tukawa na “tarakilishi”. La pili limepata makao Kenya. La kwanza sijalisikia likitamkwa na mtu mwenye haraka. Watanzania tukabaki na kompyuta. Sisemi kwamba mabaraza hayafai, la hasha. Nasema kwamba neno lililotungwa na mtu asiyekitumia chombo husubiri kutumiwa, na mara nyingi hufa likisubiri.

Kilichowatuliza mama zetu zaidi ya maneno kilikuwa mchoro. Nukta chache zimesongamana upande mmoja, nyingine imekaa peke yake mbali kulia. Chini tuliandika “Sahani kwa siku”, kwa sababu programu huandika unachoiambia iandike. Mama mmoja aliweka kidole juu ya ile nukta ya pekee na kumtaja mwenziwe kwa jina, wote wakacheka. Hapo data ilikuwa imerudi kwa wenyewe.

Nyongeza tuliyochorea inaitwa ggplot2, kazi ya Hadley Wickham, na imekuwepo tangu mwaka 2007. Wana lugha, isikieni asili yake: imejengwa juu ya kitabu cha Leland Wilkinson cha mwaka 1999 kinachoshikilia kwamba michoro ina sarufi. Kabla yake, mchoro ulikuwa kitu cha kuchagua katika orodha, kama kuchagua kadi ya harusi: huu wa nguzo, huu wa duara, huu wa mstari. Wilkinson aliona kwamba hiyo ni sawa na kumpa mtu sentensi za kukariri. Badala yake tafuta viungo ambavyo sentensi zote hujengwa kwavyo: data, kipi kilale mlalo na kipi kisimame wima, umbo la alama, rangi inabeba maana gani, kipimio ni kipi. Kisha viunge. Katika ggplot2 unaviunga kwa alama ya kujumlisha, tabaka juu ya tabaka.

Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa wazo hili mara mbili. Sisi husema “alitupikia” na ndani yake mna mtendaji, wakati, watendewa, shina na kauli ya kutendea, kila kimoja mahali pake, na ukibadilisha kimoja vingine havianguki. Nilipomweleza binti kwamba mchoro hunyambulika kama kitenzi, alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango aliokuwa akiusukuma hufunguka kwa kuvutwa. Kwa nini basi somo hili linafundishwa vijana wetu kwa lugha ambayo wengi wao wanaijua nusu, hali wanayo nyingine inayoelekea huko huko?

Nirudi kwenye majina. Nyongeza za R zilizowekwa katika hazina yake kuu zimepita 20,000, na kila moja ni kifungu cha amri, maelezo na data za mfano, kilichotengenezwa na mtu kwa kazi yake kisha akakiweka hadharani. Tukiite nini kifungu hicho? Wengi watakimbilia “kifurushi”. Mimi nakipinga. Kwa masikio ya Dar es Salaam kifurushi ni kile unachokinunua kwenye simu na kinachokwisha saa sita usiku, hata kama hujakimaliza. “Pakiti” ni ya sigara na maziwa. Pendekezo langu ni “mkoba”. Mganga ana mkoba wake, fundi ana wake. Ndani mna zana zilizochaguliwa na mtu anayejua kazi, na mkoba huo hurithiwa. Husemwa fulani amerithi mikoba ya fulani, na anayerithi haachi kuongeza chake. Huo ndio mwenendo halisi wa vitu hivi: mwenye kuanzisha huchoka au hufariki, mwingine hushika, jina linabaki. Kwa hiyo kuanzia hapa nasema mkoba.

Na “huria”? Neno hili nalitetea, ingawa lina makovu. Wapo wanaopendelea “chanzo wazi”, nami naona hiyo ni tafsiri ya neno kwa neno ambayo haimwambii mama lishe chochote. Chanzo kilicho wazi kwake ni kisima kisichofunikwa. Wapo wanaosema “programu za bure”, na hapa kosa ni kubwa zaidi. Bure katika Kiswahili ina maana mbili, isiyolipiwa na isiyo na thamani, na mtu aliyepewa cha bure hana neno la kusema juu yake. Huria ni kitu kingine. Makovu yake yanatokana na “soko huria” la miaka ya mwisho ya 1980, enzi ya Mzee Ruksa, ambapo wengi walilisikia neno hilo kwa mara ya kwanza likiwa na harufu ya mitumba na viwanda vilivyofungwa. Lakini tulilisafisha. Sheria ya mwaka 1992 ilianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na huria hapo ikawa mlango kwa mtu mzima aliyekosa nafasi ujanani. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa vyuo vya hapa jijini na wakazi wenyewe walichora kata zinazofurika, mifereji na vichochoro vyake, katika ramani ambayo mtu yeyote duniani anaweza kuifungua na kuisahihisha. Aliyekaa katika maji ya mvua za masika anajua thamani ya ramani inayojua mfereji wake uko wapi. Hiyo ndiyo maana ninayoitaka: huria ni kile ambacho una haki ya kukitia mkono.

Haki ya kuhesabu si jambo la kinadharia kwetu. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa, ikawa kosa kusambaza takwimu zinazokusudia kubatilisha, kupotosha au kutweza takwimu rasmi. Mwaka 2019 ikarekebishwa tena na kifungu hicho cha adhabu kikaondolewa. Sitaingia katika siasa zake. Natosheka kusema kwamba pale mlango wa kisheria ulipofunguliwa, mlango wa lugha na wa chombo ulikuwa bado umerudishwa kwa mtu wa kawaida.

Sasa nije kwenye kazi ambayo hakuna atakayetufanyia.

Kuhesabu mizani kwa mashine huonekana rahisi. Tahajia yetu ni nyofu, na silabi zetu kwa kawaida huishia kwa irabu. Hesabu irabu, umemaliza. Nilijaribu kwa mstari wangu mwenyewe: “Kurasini nimeketi, mtumbwi nautazama.” Mshairi atahesabu nane kwa nane. Mashine ilinipa nane na saba, maana m ya mwanzo wa “mtumbwi” ni mizani kamili na haina irabu. Basi nikaweka kanuni: m ikifuatwa na konsonanti isiyo b wala w, ihesabiwe. Mstari ukatimia. Lakini kanuni hiyo haikudumu. “Mbu” ni mizani mbili, “mbwa” ni mizani mbili. Na kuna “mbuni”. Ndege yule mkubwa asiyeruka ana mizani mbili, mbu-ni. Mti wa kahawa una tatu, m-bu-ni. Mtu mwenye kubuni naye ana tatu. Herufi ni zile zile, na hakuna hesabu ya irabu wala ya herufi itakayokuambia yupi ni yupi. Sharti ujue ngeli. Hali kadhalika “mbaya”: mtu mbaya ana mizani tatu katika sifa yake, nyumba mbaya ina mbili.

Nani duniani atakaa aandike hilo katika mkoba wa programu? Mhandisi wa kigeni halisikii. Mhandisi wetu pengine analisikia lakini hajawahi kuulizwa. Anayelisikia kila siku, na anayelisikia kwa uchungu linapokosewa, ni mshairi. Kaluta Amri Abedi aliandika sheria za kutunga mashairi zikachapwa mwaka 1954, na tangu hapo tumekuwa na mjadala juu ya vina na mizani uliopamba moto miaka ya 1970 baada ya Kichomi ya Kezilahabi. Tulibishana kama shairi laweza kuishi bila mizani. Nusu karne baadaye mashine zinafundishwa mizani yetu, na pande zote mbili za ubishi ule ziko kimya.

Hasara ya ukimya huo inaonekana pia nje ya ushairi. Mikoba mingi ya kuchambulia maandishi hukata maneno panapo nafasi, kwa desturi ya Kiingereza. “Hatukumwandikia” kwake ni neno moja, na halina undugu wowote na “nimeandika” wala “waandikiwe”. Ukiomba maneno yanayojirudia zaidi katika gazeti la Kiswahili, utachorewa wingu lenye “na”, “ya”, “wa” na “kwa” kwa herufi kubwa kama paa la nyumba, na vitenzi vimetawanyika vumbi vumbi chini yake. Mchambuzi asiyejua atahitimisha kwamba Waswahili husema mambo mengi tofauti na hawakazii lolote. Chuo Kikuu cha Helsinki, kwa juhudi za Profesa Arvi Hurskainen aliyeanza kazi hiyo miaka ya 1980, kimekusanya kongoo ya Kiswahili yenye takriban maneno milioni 25 na kuchambua mofolojia yake. Namheshimu kwa hilo. Lakini inaniumiza kidogo kwamba kijana wa Kurasini anayetaka kujua nini kimesemwa kwa lugha ya mama yake huanzia Ufini.

Najua yatakayosemwa. Kwamba tulishawahi kujaribu: Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili tupu, na leo ni wangapi wanaoitumia? Hoja hii ni nzito. Jibu langu ni kwamba menyu iliyotafsiriwa humsaidia mtu ambaye tayari anajua anachotafuta, na wengi tulikwisha kujifunza maneno yale kwa Kiingereza. Mizani ya “mbuni” si menyu. Ni maarifa ambayo Kiingereza hakinayo, hivyo hakuna mahali pa kuyakopa. Tuanzie pale ambapo sisi ndio wajuzi.

Watasema tena kwamba programu huria hazina mwenyewe wa kumpigia simu zikikwama. Ni kweli, na usiku wa manane kwa kifurushi kinachokaribia kukata, kweli hiyo huuma. Maelezo yake mengi yameandikwa kwa watu wanaojua tayari. Wapo pia watakaosema kwamba shairi likihesabiwa na mashine roho yake hutoka. Hao sina la kuwajibu. Mimi nahesabu kwa vidole tangu utotoni na sijaona roho ya shairi ikitoka kwa sababu ya vidole.

Kila tarehe 7 Julai, tangu UNESCO ilipoipitisha mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, tunatoa hotuba. Siku hiyo ni Sabasaba, na kutoka hapa Kurasini hadi viwanja vya maonesho vya Barabara ya Kilwa si mwendo wa kumchosha mtu. Ningependa katika mabanda yale niione meza moja tu yenye kompyuta, mshairi mmoja na mwanafunzi mmoja wa takwimu, wakiandika mkoba mdogo wa kuhesabia mizani, na wapita njia wakiubishia.

Kwa sasa tumeanza wawili, mimi na mpwa wangu. Tuna orodha ya maneno yenye m na n zenye uzito, na tunaomba mtuongezee, hasa ninyi wa Lamu, Mombasa na Pemba ambao masikio yenu yamehifadhi tofauti ambazo Dar es Salaam imezikanyaga. Tutaiweka orodha hiyo kwa leseni huria, majina ya waliochangia yakiwa juu. Ubishi wa kwanza umekwisha kuzuka. Neno “labda” mimi nalihesabia mizani tatu, la-b-da, kama nilivyofundishwa na walionitangulia. Mpwa wangu anasema ni mbili, kwa kuwa hivyo ndivyo yeye na wenzake wanavyolitamka. Ameandika msimbo wake hivyo, nami nimeuacha nafasi wazi hapo hadi nisikie kutoka kwenu.